Kutunza Sauti za Msitu: Maelezo kwa Makatibu wa Vyama

Katika ziara zangu za ukaguzi kwenye vyama vya msingi vya milima ya Amani nimeulizwa zaidi ya mara moja swali ambalo halimo katika Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, wala katika masharti ya chama chochote nilichopata kukikagua. Katibu huniambia: "Ndugu Mkaguzi, wamekuja watafiti, wametundika visanduku vya kunasa sauti katika mashamba ya iliki ya wanachama, na sasa wanaomba chama kiwatunzie kadi zao mpaka watakaporudi. Kadi hizi ni mali ya namna gani, na ziandikwe katika daftari lipi?" Mara ya kwanza nilijibu kwa haraka kwamba ziandikwe katika daftari la mali za watu wengine zilizohifadhiwa chamani, kisha nikaendelea kukagua mizani. Jibu lile halikuwa na kosa, lakini lilikuwa fupi mno. Tangu hapo nimeuliza, nimesoma, na nimeiona kazi yenyewe kwa macho yangu. Ukiondoa mashine, ni kazi ile ile ya bohari na leja ambayo makatibu wetu wameizoea, na ndiyo maana nimeona yafaa niieleze katika jarida hili.

Kisanduku na kazi yake

Aina ya kisanduku inayotumika sana siku hizi huitwa AudioMoth. Ilibuniwa Uingereza na vijana wa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford, ikaanza kuenea tangu mwaka 2017. Ukubwa wake hauzidi sana kiberiti. Hutumia betri tatu ndogo kama zile za tochi, na sauti zote huandikwa katika kadi ndogo kama ukucha, ya namna ile ile inayotiwa ndani ya simu. Hutiwa katika kasha lisiloingiza maji, hufungwa kwenye shina la mti, kisha huachwa. Hakuna mtu anayekaa nacho. Huamka kwa saa iliyopangwa, hunasa sauti, na kulala tena.

Pengine ndugu msomaji atauliza kwa nini watu wahangaike na sauti badala ya kuhesabu wanyama kwa macho. Jibu analo mkulima yeyote aishiye ukingoni mwa msitu. Perere hulia usiku juu ya miti kwa sauti ya kutisha, nao wako watu wazima waliozaliwa hapa ambao hawajapata kumwona hata siku moja. Bundi mkubwa wa Usambara, aliyeandikwa katika vitabu vya wataalamu mwaka 1908 kwa jina la Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Amani wakati wa Wajerumani, hujulikana zaidi kwa mngurumo wake kuliko kwa sura. Yuko pia ndege mdogo mwenye mdomo mrefu aliyepewa jina la Moreau mwaka 1931. Hukaa ndani ya mimea ya kutambaa, na duniani kote hajulikani isipokuwa Usambara Mashariki na mlima mmoja wa kaskazini mwa Msumbiji. Amtafutaye ndege huyu hutega sikio kwanza, darubini baadaye.

Katika habari za komba jambo hili lilileta mageuzi makubwa zaidi. Komba wadogo wa pwani na milima yetu hufanana sana kwa sura na rangi, hata wataalamu wa zamani waliwahesabu wengi wao kuwa jamii moja. Katika miaka ya 1990 watafiti walinasa milio yao usiku, wakaona kwamba komba wa Rondo, huko Lindi, ana mlio wake peke yake, wakamtenga na wenzake. Komba yule yule alikutwa hata Pugu, karibu kabisa na Dar es Salaam, amekaa jirani na mji mkubwa bila kutambuliwa. Vilevile mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki walitangaza matokeo ya kunasa sauti za usiku katika milima ya Taita, ng'ambo ya mpaka wetu na Kenya. Walieleza milio ya perere wa huko ambayo ilikuwa haijapata kuelezwa, tena wakaonyesha kwamba komba mdogo wa milima hiyo bado yupo. Hayo yote yalitoka katika kunasa sauti.

Wingi wake

Sasa nije kwenye jambo linalowashinda watu wengi, nalo ni wingi. Kisanduku kikinasa sauti kwa kiwango cha kawaida cha kazi ya ndege, yaani vipimo 48,000 kwa kila sekunde, kila dakika hula karibu megabaiti 6, na siku nzima hula zaidi ya gigabaiti 8. Kadi ya gigabaiti 32 hujaa kabla siku ya nne haijaisha. Kwa hiyo watafiti wengi hukipanga kinase dakika moja katika kila dakika kumi, na kadi ile ile hudumu zaidi ya mwezi. Hata hivyo tuhesabu. Dakika moja katika kumi ni dakika 144 kwa siku. Kwa siku 30 ni saa 72. Visanduku kumi vitaleta saa 720. Mtu akikaa kusikiliza saa nane kila siku bila kupumzika Jumapili atamaliza baada ya siku 90, wakati huo visanduku vimekwisha kuleta mzigo mwingine mara tatu. Hiyo ndiyo hali ya mtu aliyepokea mavuno kuliko bohari yake. Katika hali kama hiyo mzigo usioandikwa vizuri mlangoni hautapata kuandikwa tena.

Katika chama kimoja nilichokikagua miaka mingi iliyopita, ambacho sitakitaja, mpokeaji wa iliki alikuwa na bidii sana na mwandiko mzuri. Aliandika jina la mwanachama, uzito, na neno "Jumatatu". Tarehe hakuandika, aliona haina haja kwa kuwa kila mtu alijua ni Jumatatu ipi. Bei ikabadilika katikati ya mwezi. Wakati wa malipo mzee mmoja alikuwa na magunia yaliyopokelewa Jumatatu mbili, moja kabla ya bei kupanda na moja baada yake, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kusema gunia lipi liliingia lini. Halmashauri ikamlipa yote kwa bei ya chini. Mzee hakugombana. Alisimama dirishani akazihesabu fedha zile mara mbili, akaondoka. Mimi niliandika katika taarifa yangu kwamba kumbukumbu hazikukamilika, na hayo maneno mawili ndiyo yote aliyoyapata kutoka kwangu.

Nimelitaja hilo kwa sababu rekodi ya sauti isiyo na tarehe, saa na mahali ni sawasawa na gunia lile. Sauti ipo, tena ni nzuri, lakini haiwezi kulipwa bei yake. Mtafiti akitaka kujua kama bundi wanapungua hawezi kuitumia, kwa maana hajui ni ya mwaka gani wala ya bonde gani.

Mambo ya kuandikwa

Kila kisanduku hapana budi kiwe na namba yake, iliyoandikwa juu ya kasha kwa wino usiofutika, na kila kadi iwe na namba yake pia. Namba hizo mbili zisichanganywe, maana kadi huhama kutoka kisanduku hadi kisanduku kama gunia linavyohama kutoka kwa mkulima hadi kwa mwingine. Katika daftari iandikwe namba ya kisanduku, namba ya kadi, mahali kilipofungwa (kwa vipimo vya simu na pia kwa jina la kitongoji na la mwenye shamba, kwa kuwa vipimo vya simu hukosewa na majina ya wenyeji hayakosewi), urefu kutoka ardhini, aina ya mahali, yaani msitu mzima, shamba la iliki chini ya miti, chai, au kando ya mto, tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua, jina la aliyefunga, na hali ya hewa. Neno "mvua kubwa usiku wa pili" litamwokoa msikilizaji na kazi ya kusikiliza saa kumi za matone.

Habari ya saa nitakaa nayo kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapotokea, tena makosa ambayo Mzungu aliyetengeneza kisanduku hakuweza kuyafikiria. Kisanduku hiki aghalabu huandika saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Nasi katika kusema hutumia saa ya Kiswahili, ambayo hutofautiana na ile ya Kizungu kwa saa sita. Basi alfajiri moja ina majina matatu: mkulima husema saa 12 asubuhi, simu yake huonyesha saa 6, na kisanduku huandika saa 3. Ubaya zaidi ni usiku wa manane. Perere akilia saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 10 Juni, kisanduku kitaandika saa 23 ya tarehe 9 Juni. Pasipo neno katika daftari linaloeleza ni saa ya hesabu ipi iliyotumika, mtu atamsifu ndege wa mchana kwa kuimba usiku. Ushauri wangu ni kwamba katika daftari la chama iandikwe saa ya Afrika Mashariki kwa hesabu ya saa 24, na juu ya kila ukurasa iandikwe hivyo kwa maneno.

Tena betri zikiisha au zikibadilishwa, kisanduku huweza kusahau saa kabisa. Hapo, kisipopangwa upya, huweza kuanza kuhesabu tangu tarehe 1 Januari 1970, kwa kuwa kompyuta nyingi huanzia hapo. Nimeona kadi nzima ya namna hiyo: ndege wote wameimba siku ambazo Azimio la Arusha halijatimiza hata miaka mitatu. Kadi hiyo isitupwe. Ikiwa katika daftari imeandikwa saa hasa kisanduku kilipowashwa, hesabu yote inaweza kusahihishwa kwa kujumlisha.

Nakala

Kuhusu nakala, Amani yenyewe ina historia ambayo kila katibu angepaswa kuijua. Kituo cha utafiti kilianzishwa hapa mwaka 1902, na wataalamu wake walikusanya mimea mikavu ya milima hii wakaipeleka Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 ndege za vita ziliishambulia Berlin, jengo la mimea likaungua, na sehemu kubwa ya mikusanyo yake ikateketea, pamoja na mimea ya Afrika Mashariki. Lakini wataalamu wa Amani walikuwa wamebakiza hapa nakala za baadhi ya mimea ile, wakaiandika namba zile zile. Nakala hizo zilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na mpaka leo wataalamu wa dunia huzitumia mahali pa zile zilizoungua. Kilichoziokoa ni kwamba mtu fulani, miaka hiyo, aligawa kila tawi mara mbili na kuandika karatasi mbili badala ya moja.

Kwa sauti kanuni inayofuatwa ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Kadi yenyewe isifutwe mpaka nakala mbili zimekwisha kuhakikiwa. Kuhakiki si kutazama tu kwamba mafaili yanaonekana. Kompyuta inaweza kujumlisha chembe zote za faili na kutoa namba moja ndefu, kama tunavyotoa jumla chini ya ukurasa wa leja. Namba ya nakala ikilingana na namba ya asili, hakuna kilichopotea njiani, na isipolingana, kuna chembe iliyoharibika. Namba hizo zihifadhiwe pamoja na mafaili, kisha zihesabiwe tena kila mwaka, jinsi tunavyohesabu mali bohari mwisho wa mwaka. Diski haidumu kama daftari: baada ya miaka michache huhamishiwa kwenye nyingine mpya. Amani hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huingia kila mahali. Basi kadi na diski ziwekwe katika kopo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu vipya.

Nafasi ikipungua, mafaili huweza kukunjwa. Iko namna ya kukunja isiyopoteza kitu, iitwayo FLAC, ambayo mara nyingi hupunguza ukubwa hadi karibu nusu, na faili likifunguliwa hurudi kama lilivyokuwa. Namna ya MP3, inayotumika kwa muziki katika simu, hutupa sehemu za sauti ambazo sikio la mtu halizikosi. Kwa muziki wa harusi haidhuru. Kwa kazi hii isitumike, maana hatujui sikio la mtafiti wa miaka hamsini ijayo litataka nini.

Nisijifanye mwalimu asiyekosea. Miaka michache iliyopita nilitia hesabu za ukaguzi wa wiki mbili katika kidude kimoja cha kuhifadhia, nikakiweka mfuko wa shati, nikapanda pikipiki kuteremka Muheza. Nilipofika mfuko ulikuwa mtupu. Nilirudi vyama vyote vile, nikawaomba makatibu wafungue tena makabati. Wao walikuwa na leja, kwa hiyo kazi ilirudiwa. Msitu hauna leja nyingine. Usiku uliokwisha kupita hauwezi kuombwa ufunguliwe.

Kutambua sauti

Kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kusikiliza saa mia saba, kompyuta husaidia. Programu moja inayojulikana, BirdNET, imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani pamoja na chuo cha ufundi cha Chemnitz, Ujerumani. Huigeuza sauti kuwa picha, huilinganisha na mifano iliyofundishwa, kisha hutaja jina la ndege na alama kati ya 0 na 1 kuonyesha kadiri inavyoamini. Mifano hiyo hutoka katika hazina kubwa za sauti. Cornell walianza kunasa ndege mwaka 1929. Berlin hazina ya sauti za wanyama ilianzishwa mwaka 1951. Na mwaka 2005 Waholanzi walianzisha hazina iitwayo xeno-canto, ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuchangia. Lakini ndege wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini wamenaswa mara nyingi mno kuliko wa kwetu, na chombo hujua alichofundishwa. Huku kwetu humdhania chura kuwa ndege, na ndege mgeni kuwa mwenyeji.

Kwa hiyo hatua ya mwisho hurudi kwa masikio ya watu. Hapa wanachama wetu wana mali ambayo hawajaitia thamani. Reginald Moreau alipofanya kazi Amani kuanzia 1928 hadi 1946, maarifa yake mengi ya ndege aliyapata kwa msaada wa watu wa hapa, na wa kwanza wao ni Salimu Asmani, ambaye jina lake limebaki katika historia ya elimu ya ndege. Vinasa sauti vya zama zile vilikuwa vizito hata vikahitaji gari, na tulichobakiwa nacho kutoka kazi yao ni maandishi. Wazee na vijana wanaojua milio hii wapo leo. Wakitakiwa kukaa na kompyuta kuhakiki sauti mia, hiyo ni kazi ya ujuzi, nayo ilipwe kama kazi ya ujuzi, si kama kubeba mizigo. Majina yao yaandikwe katika maelezo ya kila rekodi waliyoihakiki.

Sauti za watu

Limebaki jambo ambalo wanachama huliuliza kwa sauti ya chini: "Je, vidude hivi vimewekwa kutukamata?" Katibu asilikwepe. Kisanduku hakichagui. Hunasa bundi, na hunasa msumeno wa moto, mlio wa bunduki, na mazungumzo ya watu wawili wanaopumzika chini ya mti. Ziko nchi ambako vifaa vya jinsi hii hutumiwa kusudi kusikiliza misumeno. Basi kusudi la kazi liandikwe, litiwe sahihi, na lisomwe mbele ya mkutano wa wanachama kabla kisanduku cha kwanza hakijafungwa. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kwa maoni yangu sauti ya mtu aliyetambulika ni taarifa yake. Mkataba useme kwamba mazungumzo yatakayonaswa yatafutwa au yatafungiwa, na useme nani atayafungia.

Kadhalika katibu aombe kuonyeshwa kibali. Mtafiti kutoka nje anapaswa kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mambo ya wanyama pori hupitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Na ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa na hekta 8,380, lazima ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu. Shamba la mwanachama lina mwenyewe, naye aulizwe mwenyewe. Chama hakiwezi kutoa ruhusa kwa niaba yake.

Na nakala ibaki nchini. Katika hili nina ukali kidogo, na msomaji anajua sasa kwa nini. Simaanishi kwamba chama cha msingi kinunue madiski. Chama kibaki na daftari, na sauti zenyewe ziwekwe katika ofisi ya hifadhi au katika chuo chetu kimojawapo, kama Sokoine huko Morogoro, kabla kadi hazijavuka mpaka. Nimeambiwa na watu wenye nia njema kwamba nakala italetwa baadaye. Iliki iliyoondoka kwa ahadi ya kulipwa baadaye tunaijua.

Kwa wakati huu, mpaka Chama Kikuu kitakapotoa fomu, makatibu watumie hati ya kawaida ya mapokezi yenye karatasi tatu. Katika nafasi ya "aina ya mali" waandike "kadi ya sauti" na namba yake. Katika nafasi ya "uzito" waandike ukubwa kwa gigabaiti kama kompyuta inavyoonyesha. Na katika "maelezo" waandike mahali, tarehe mbili, na jina la aliyefunga. Karatasi ya kwanza apewe mtafiti, ya pili mwenye shamba, ya tatu ibaki kitabuni. Kadi zisifungiwe pamoja na fedha katika sanduku moja, kwa sababu anayekuja kuiba fedha hatasimama kuchambua kadi.